Unga wa Aliye Mbele Yako

Usimuulize mama mutoto wake amekula nini. Muulize leo ameosha sufuria gani.

Ninyi vijana munaoanza kazi hii ya kuzunguka na kuuliza habari za matumbo ya watu, kama mutachukua neno moja tu kwangu, chukueni hilo. Mama aliyekimbia vita, ukimuuliza mutoto amekula nini, mara nyingi atakutajia alichotamani kumupa. Atasema maharagi, ndizi, samaki sambaza, kwa sababu wewe ni mugeni na hataki uondoke na aibu yake. Mwingine atasema, "Hatujakula tangu jana," kwa sababu anadhani kwenye mufuko wako kuna karatasi za kugawa chakula. Wote wawili siwahesabu kuwa waongo. Lakini ukimuuliza sufuria, atacheka kidogo, atainuka, atakuonyesha: hii iko na ukoko wa bugali, hii ilipika mboga ya lenga-lenga, hii haijaona moto tangu juzi. Sufuria haina haya.

Mimi nilijifunza hayo nikiwa nimekwisha kujaza makaye, yaani madaftari, mawili ya uongo, kwa mwandiko muzuri sana.

Jina langu ni Masika. Nilizaliwa upande wa Butembo, nikaolewa Goma, na nyumba yetu iko Katoyi mpaka leo, juu ya mawe yale yale ya volkano yanayokula viatu. Nilisoma primeri yote na miaka miwili ya sekondari, basi. Ninataja hayo mapema ili mujue maneno yangu yana uzito gani. Nikisema jambo la tumbo na docta akasema lingine, mufuate docta. Ila mumuulize kwanza kama amewahi kufika jikoni.

Kazi yenyewe iliitwa anketi. Wakati ule vita ilikuwa imesukuma watu toka milima ya Masisi, na bashi za kambi, vibanda vya turubai, zilijaa upande wa Lac Vert, njia ya Sake. Watoto wengi walifika na bwaki, ile ya miguu kuvimba na nywele kugeuka rangi, na wengi wao kwa maziwa na uji walipona. Lakini kulikuwa na wachache waliopewa, wakala, na tumbo likakataa. Madaktari fulani wakataka kujua sababu. Wakatafuta mwanamuke anayejua kuandika, anayesikia Kinande, Kihunde kidogo na Kinyarwanda cha sokoni, na asiyeogopa kuangalia choo cha mutoto kwa macho yake. Kwa sababu ya hilo la mwisho tulijitokeza wawili tu, na mwenzangu aliacha siku ya tatu. Simulaumu. Alikuwa na mimba, na siku ile ya tatu ilikuwa mbaya kweli.

Kambini watoto waliniita Mama Choo. Walinifuata nyuma wakiimba. Wiki ya kwanza nilirudi nyumbani nikalia, wiki ya pili nikaanza kuitika. Nanyi mutapewa majina. Itikeni, kazi inaenda mbio zaidi.

Kuna ufundi katika kuuliza choo. Usiseme "ni kawaida?" maana kila nyumba ina kawaida yake. Taja vyakula: ni kama uji? kama avoka? kama sombe, majani ya muhogo? Mama atakujibu bila kufikiri. Ubaya wake ni kwamba mimi niliacha kula avoka kwa muda mrefu, lakini sasa ninakula. Tena usiulize mbele ya mama mukwe. Niliwahi kufanya hivyo, na mama mukwe akajibu maswali yote yeye. Katika kaye yangu mutoto yule alikuwa na afya kuliko watoto wote wa Kivu. Kesho yake alitundikiwa serumu. Na usiandike kwa biki nyekundu. Watu wote waliopita shuleni, hata mwaka mumoja, wakiona nyekundu wanajua wameanguka.

Kopo nalo liandike jina. Hilo nilijifunza kwa askari.

Nilikuwa nimebeba choo cha mutoto mumoja katika kopo la maziwa, nakipeleka labo, na kwenye barieri askari kijana akanisimamisha.

"Mama, mule iko nini?"

"Choo ya mutoto, chef."

"Unaniona mimi mujinga?"

"Hapana, chef. Ni choo ya kweli."

"Fungua."

"Chef, nakuomba, usinifungulishe."

"Ukisema vile, ndiyo nafungua mimi mwenyewe."

Akafungua. Mwenzake alicheka mpaka akakaa chini. Yeye alifunika kopo polepole, kama mutu anayefunika mutoto aliyelala, akanirudishia kwa mikono miwili. "Pita, mama. Pita mbio." Tangu siku ile, akiniona kwa mbali tu, anapiga kelele: "Mama Choo, pita!" Ni lazima niseme haki: hakuniomba kitu hata mara moja. Na siku moja alinifuata kwa haya, akaniuliza kuhusu mutoto wake mwenyewe aliyekuwa anahara. Nikamweleza maji ya chumvi na sukari, vijiko vingapi, akarudia kwa vidole vyake mpaka akashika.

Aliyenifundisha kuandika hakuwa docta. Alikuwa Muzee Barnabé wa labo, mutu mufupi aliyevaa kofia ya sufu hata wakati wa joto. Kurenti ya umeme ilikuwa haba, basi alitumia mikroskopi ya kioo, ile inayokamata mwanga wa jua, na meza yake ilihama pamoja na jua: asubui dirisha hili, mchana mulangoni, alasiri nje kabisa na kuku wakimuzunguka. Niliona kwamba kila akiandika mustari mumoja, anaruka mumoja.

"Muzee, karatasi ni haba, mbona unaruka mustari?"

"Ule si wangu."

"Ni wa nani?"

"Ni wa Barnabé wa kesho. Huyu wa leo hajui mengi."

Nikaanza kuruka mistari. Docta alilalamika kwamba makaye yanaisha haraka. Ilikuwa kweli, yaliisha haraka.

Docta wetu, Docta Jérémie, alikuwa kijana mwenye haraka, lakini moyo wake haukuwa mubaya. Siku moja alitukusanya, mimi na mama watatu wa watoto waliokataa kupona, akatueleza ugonjwa aliokuwa anautafuta. Alisema ndani ya utumbo mwembamba kuna vinyweleo vidogo vidogo, ndivyo vinavyokamata nguvu ya chakula. Katika ngano kuna kitu kinaitwa gluteni. Kwa watu wengi kinapita bila neno. Kwa wachache, kikiingia, mwili unajipiga wenyewe, na vinyweleo vinalala chini, na chakula kinapita kama kilivyoingia. Ugonjwa wenyewe unaitwa seliaki.

Mama mumoja mwembamba, aliyekaa nyuma na mutoto mapajani, akasema, "Ni kama mulima wenye ng'ombe wamemaliza majani yote. Mvua inanyesha, maji inapita tu, haibaki."

Docta akasema, "Ndiyo, mama. Ndiyo kabisa." Tangu hapo alieleza hivyo kwa kila mutu, na mara nyingi alisahau kusema maneno hayo ameyatoa wapi.

Yule ndiye Mama Sifa, wa kutoka milima ya Masisi. Mutoto mapajani ndiye Sifa, miaka mine, mikono kama vijiti na tumbo kama ngoma. Alikuwa na hasira. Aliniuma kidole siku ya kwanza, na siku ya pili akaniuma kile kile. Kwao milimani walikula mahindi, mutama, viazi, maharagi, maziwa. Mukate ulikuwa kitu cha kuonja mutu akitoka Goma. Hapa kambini musaada ulikuwa ngano iliyovunjwa-vunjwa, na biskuti. Docta alifikiri kwamba ugonjwa ulikuwa umelala ndani ya mutoto na ngano ikauamusha. Wenzake wengine walimwambia ugonjwa huo haupo kwetu, ni wa Wazungu. Muzee Barnabé aliposikia aliuliza, bila kutoa jicho kwenye mikroskopi, "Haupo, ao haujatafutwa?"

Tulikuwa tumemutafutia Sifa minyoo, tukaitoa. Amiba, Muzee hakuiona. Damu yake ilitumwa mbali ng'ambo, na jibu lingechukua miezi, kama ndege ingeruka. Katika kungoja, docta akaamua kujaribu: wiki tatu bila ngano hata kidogo. Mutoto atapewa mahindi, maharagi na mafuta. Na mahindi yatolewe ya punje, si unga, kwa sababu unga wa soko nani anajua umechanganywa na nini? Kama baada ya wiki tatu hakuna mabadiliko, Sifa atarudishwa kwenye uji na biskuti za wote, na nafasi yake itapewa mutoto mwingine. Nafasi zilikuwa chache. Docta hakulipanga hilo kwa ukali, lakini sisi wote tulijua: arudi kwenye biskuti katika hali ile, hatafika mbali.

Wiki ya kwanza alilala usingizi. Siku ya tano nilimukuta anachora chini kwa kijiti. Wiki ya pili tumbo likavimba tena, choo kama uji, chenye harufu kali, kinaelea. Nikauliza sufuria. Bugali ya mahindi, maharagi. Nikauliza kesho yake. Bugali ya mahindi, maharagi. Nilichungulia kila pembe ya bashi yao kama polisi. Na siku ya kumi na mbili nikaandika: "Mama hasemi kweli. Pengine anamupa mikate."

Nikaruka mustari, kama nilivyofundishwa. Lile neno "pengine" nililiweka ili nijione mwenye haki. Halikunisaidia.

Siku ya kumi na ine docta alifungua kaye mbele ya Mama Sifa.

"Mama, hapa imeandikwa unamupa mutoto mikate."

Mama Sifa hakumuangalia docta. Aliniangalia mimi. "Mama Masika, ni weye uliandika vile?"

"Ni mimi."

"Uliona mukate kwangu?"

"Sikuona."

"Uliona biskuti?"

"Sikuona."

"Sasa uliandika nini?"

"Niliandika nilichofikiri."

Docta akakohoa. "Mama, tumebakiza siku saba tu. Baada ya pale..."

"Siku nazijua. Ni miye naosha huyu mutoto." Akanigeukia tena. Hakupaza sauti, ndiyo iliniumiza. "Kesho asubui kuja. Tutatembea na ile mahindi, miye na weye, toka mu mufuko mpaka mu kinywa ya Sifa. Hatutaiacha ata kidogo. Ukiona mukate, andika na ile biki yako nyekundu."

Sikuwa na biki nyekundu tena.

Asubui nilifika mapema. Alifungua mufuko mbele yangu, nikaingiza mukono mpaka kwenye kiwiko: mahindi matupu. Alisugua sufuria kwa muchanga mara mbili, akanipa ninuse. Akachukua beseni, akalipangusa.

"Sasa?" nikauliza.

"Sasa tunaenda ku mashini."

Nikakaribia kusema, nenda, nitakungoja hapa. Ndivyo nilivyofanya siku zote, vumbi la unga linanikohoza. Mama Sifa akaona naenda kukaa. "Aa-a. Nilisema toka mufuko mpaka kinywa. Simama."

Mashini ya kusaga ilikuwa chini ya mabati, pembeni mwa kambi. Mwenyewe aliitwa Papa Bahati, mutu mweupe kwa unga mpaka kwenye nyusi, huwezi kujua ana miaka mingapi. Wanawake walipanga mustari na mabeseni yao, na waliponiona wakaanza.

"Mama Choo! Leo unakuja kuangalia choo ya mashini?"

"Papa Bahati, mashini yako iko inahara?"

"Mwambie alete kopo!"

Mbele yetu alikuwa Mama Nyota, mama munene wa kucheka, na beseni la ngano ya musaada. Watoto wake walikataa kuila ya punje. "Inasema kra-kra mu meno," aliniambia. "Nikiisaga nachanganya na muhogo, inakuwa bugali, wanakula bila kuuliza." Kambi nzima ilifanya hivyo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeliandika hilo katika makaye ya watoto wengine, na sikufikiri.

Ngano yake ikaisha. Papa Bahati akagonga ubavu wa mashini kwa kipande cha mti, Mama Nyota akatoa beseni lake, Mama Sifa akaingiza la kwake na kumwaga mahindi juu. Mota ikanguruma. Unga ukaanza kutoka. Haukuwa mweupe. Ulikuwa wa rangi ya udongo, kiasi cha kikombe hivi, kisha ukaanza kupauka, kisha ndipo ukawa mweupe. Mama Sifa akatikisa beseni, kama tunavyofanya sisi wote, rangi ikapotea ndani.

"Ule wa kwanza ni wa nani?" nikamuuliza.

"Ya Mama Nyota. Ni vile tu. Na miye namuachia mwenye iko nyuma."

Alisema bila kufikiri, kama mutu anayeitikia salamu. Na ni kweli, kwetu hiyo ni adabu. Mashini haimaliziki ndani. Kinachobaki ni cha anayefuata: umeachiwa, unaacha. Mutu akidai mota izimwe afagiliwe cha kwake mpaka mwisho, watu watasema ana roho ndogo. Mimi nimesaga hivyo maisha yangu yote. Ninakwenda na mahindi, ninarudi na kidogo cha muhogo wa jirani, na sijawahi kusema kwamba nimekula muhogo. Mama Sifa angeniambia nini? Nilimuuliza amempa mutoto nini, na ule unga hakumpa yeye. Aliachiwa na watu. Wiki ile ya kwanza pengine waliomutangulia walikuwa na mahindi tu.

Nikakaa juu ya jiwe.

"Mama Masika, iko nini?"

"Nimekosea."

Mota ilikuwa inapiga kelele. "Unasema nini?"

"Nimekosea!"

"Sisikii!"

"NIMEKOSEA!" Na wakati ule ule Papa Bahati alizima mota. Mustari wote ukageuka kuniangalia.

Ikabidi nieleze, palepale, kwa watu wote. Nilieleza vibaya, nilitumia mulima na ng'ombe. Nilipofika kwenye ngano, Mama Nyota aliweka beseni chini na uso wake wa kucheka ukafungika.

"Basi ni miye naua mutoto ya watu?"

"Hapana, Mama Nyota. Wewe umesaga chakula cha watoto wako."

"Lakini ni ngano yangu."

"Ni ngano yako, na kosa ni langu."

Hayo sikuyasema ili kumutuliza. Nimeyafikiri miaka mingi, nikigawa lawama kama mutu anayegawa nyama. Papa Bahati hana: mashini yake haikuwa hospitali. Docta alileta punje ili unga usichanganywe, akasahau kwamba punje hazijisagi, lakini yeye ni mutoto wa muji, unga ameuona kwenye sahani tu. Mimi je? Karatasi yangu ya maswali ilikuwa na "amepokea", kisha "amepika". Katikati hapakuwa na kitu. Na mimi naenda ku mashini kila wiki ya Mungu. Kipande kikubwa kinabaki kwangu, na kila nikirudia kugawa, kinarudi pale pale.

Mutu akamushauri Mama Sifa asagie kwenye jiwe. Mama Sifa akasema, "Nilikimbia na mutoto, sikukimbia na jiwe." Mwingine akataja kinu, lakini kambi ile kinu ulikiona wapi?

Ni Mama Nyota aliyetengeneza. Alisimama, mikono kiunoni. "Hapa mahindi iko kwa nani na nani?" Mikono mitatu ikainuka. "Ninyi benye mahindi, kesho na siku zote mutapita mbele. Mutaosha mashini. Mama Sifa atakuja nyuma yenu. Siye ba ngano, tutangoja mwisho."

"Na ile ngano yenye inabaki, tutakula siye?" akauliza mumoja.

"Weye tumbo yako inakula ata mawe ya volkano. Utaogopa ngano?"

Wakacheka wote, hata Mama Sifa. Papa Bahati akasema siku za Mama Sifa kusaga, jumane na posho, yaani jumamosi, kabla ya kuwasha, atafungua chekecheke ndani na kuipiga mpaka itoe vumbi la mwisho. Alifanya hivyo, na hakuna aliyemukumbusha. Na Mama Nyota, aliyeumia kuliko wote, akawa mulinzi wa mustari. Ukija na ngano na kujipenyeza mbele siku ya Sifa, utasikia habari za ukoo wenu.

Jioni ile nilipeleka kaye kwa docta, Mama Sifa akiwepo. Chini ya uongo wangu, katika ule mustari mutupu, nilikuwa nimeandika: "Mama alisema kweli tangu siku ya kwanza. Aliyekosea ni mwandishi. Ngano ilitoka kwa unga wa aliye mbele, ku mashini." Nikausoma kwa sauti.

"Soma tena," Mama Sifa akasema.

Nikasoma tena.

"Sasa andika nani aliona. Na jina yangu haiko Mama Sifa tu. Niko Zawadi."

Nikaandika: "Walioona: Zawadi na Masika." Kwa mupangilio huo.

Docta akasema, "Hata mimi nimekula unga wa mashini maisha yangu yote." Akafuta hesabu, akaanza wiki tatu upya.

Sitawaambia kwamba mutoto aliruka na kucheza kesho yake. Ilikuwa polepole. Siku nyingine ilirudi nyuma, na sikujua kwa nini, na niliandika "sijui". Lakini tumbo lilishuka. Mushale wa mizani, uliokuwa umelala, ukaamuka. Na siku moja Sifa akanishika kidole kile kile, akakipeleka kinywani, akaniangalia machoni, hakuuma. Akacheka. Nikaandika "Amecheka". Docta aliuliza hiyo inaingia kwenye karatasi gani. Nikamwambia aitafutie mahali.

Kisha vita ikashuka kutoka upande wa Sake. Asubui moja mabomu yalisikika karibu, na mchana kambi haikuwa na mutu, bashi tu zikipigwa na upepo. Nilitembea kati yake na kaye yangu nikiita, nikiwa mujinga.

Jibu la damu lilifika baada ya hapo. Docta alinisomea katika ofisi ya Himbi, hapa Goma, ambako watu walikuwa wanafunga masanduku: ndiyo, ni seliaki. Muzee Barnabé akavua kofia yake, ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona kichwa chake. "Mutoto mumoja si jibu," alisema. "Lakini ni swali zuri sana." Docta naye alifurahi, na ana haki ya kufurahi. Mimi nilikuwa nafikiri jambo moja. Mama Sifa tulimwambia wiki tatu, halafu tukamwambia "mpaka damu ijibu". Hatukumwambia maisha yote. Kama amefika mahali wanapogawa ngano, na anaona mutoto amepona, kwa nini asimupe?

Kwa miaka, kila kambi niliyofika na kila mashini niliyopita, niliuliza mama mwembamba wa Masisi na musichana anayeitwa Sifa. Watu walinionyesha akina Sifa wengi.

Ninyi sasa muko na simu kubwa za kujaza: ndiyo, hapana, sogeza. Sizichukii. Hazilowani, na mwandiko wake hauwezi kupendeza kuliko ukweli, kama wangu. Ila nimeziangalia, hazina mustari wa kuruka. Bebeni kaye ndogo mufukoni. Na musingoje nje kwa sababu ya vumbi.

Mwezi uliopita nilikwenda kusaga hapa Katoyi. Mbele yangu alisimama musichana murefu, mabega mapana, beseni la mahindi kiunoni. Mbele yake mutu alikuwa anamaliza unga wake, mweupe wa kijivu, sikujua ni wa nini. Mwenye mashini akamuita musichana. Hakusogea. Aligeuka nyuma akanichungulia beseni.

"Mama, yako ni nini?"

"Mahindi."

"Mahindi tupu?"

"Tupu."

"Basi pita mbele yangu, tafazali."

Sikupita kwanza. Nikamuuliza nani amemufundisha kungoja hivyo.

"Mama yangu. Anasema kabla ya kusaga, nijue nani iko mbele. Ngano inaniua, aliona mwenyewe." Akaniangalia tena, vizuri, kichwa upande. "Weye si ndiye Mama Choo?"

"Ni mimi."

"Ni weye uliandika mama yangu ni muongo!"

Wanawake wote wakageuka. Nimezoea. "Ni mimi," nikasema. "Na chini yake niliandika nini, hakukuambia?"

"Aliniambia." Akacheka, na meno yale niliyajua. "Anaikumbuka yote kwa kichwa. Iko Lac Vert, analima. Utaenda kumusalimia?"

Nikasema nitakwenda posho. Mwenye mashini akapiga kelele kwamba wenye kusalimiana wasalimiane nje. Nikapita mbele, nikamwaga mahindi yangu. Yalitoka ya kijivu, kisha yakapauka, kisha meupe. Mota ilipotaka kutulia, mwenyewe akainua kipande cha mti agonge ubavu wa mashini, cha kwangu kimalizike kutoka. Nikamushika mukono.

"Acha," nikamwambia. "Kinachobaki ni cha huyu."